Viwavi Wangu na Majivu ya Nusaiba

Jumatatu, 5 Mei 2025

Daktari Jumwa amenipa madaftari mawili. Moja la viwavi. La pili hakusema la nini, basi nimelifanya langu.

Leo tumeanza upya. Mihindi arubaini na minane, kila mmoja kwenye ndoo yake, ndani ya banda la neti hapa Msambweni. Nusu tutaiwekea viwavi jeshi wazima. Nusu tutaiwekea viwavi waliodungwa na nyigu. Daktari ataka kujua jambo moja tu – je, muhindi waujua utofauti? Jani likiumwa na kiwavi, anasema, hujitilia dawa yake lenyewe, likawa baya, na kiwavi akilila hanenepi. Sasa kiwavi mwenye watoto wa nyigu tumboni akiliuma, litafanya vile vile? Nilimwambia jani halina macho. Akasema halina macho lakini laonja. Laonja mate ya anayelila.

Nimeandika "tumeanza upya" kana kwamba si kitu. Tumeanza upya kwa sababu mihindi ya kwanza iliharibika tarehe kumi na nne Aprili, na aliyeiharibu ni Nusaiba, mke wangu. Nilikwenda Ukunda kuchukua neti. Niliporudi nilikuta kila muhindi umetiwa majivu moyoni, pale majani machanga yanapochomoza. Viwavi wote wamekufa. Na wale waliokuwa na vijumba vyeupe vya nyigu mgongoni amewaponda kwa kijiti, akidhani ni mayai ya viwavi. Wiki sita za kazi. Nikamwacha. Talaka moja, pale pale kati ya ndoo, mbele ya mama yangu aliyekuja kwa kelele zangu.

Nimemwacha mke kwa ajili ya viwavi. Nikiisoma hivi naona haya. Lakini kazi ya mtu haiguswi, kila mtu alijua hilo.

Siku ishirini na moja leo. Yuko kwao Jego, kwa babake.

Jumatano, 7 Mei

Mama amegoma kunipikia. Tunaishi ua mmoja, mlango wake na wangu vyatazamana. Ameniletea sufuria tupu, akaiweka kizingitini, akasema yeye hampikii mwanamume ambaye mkewe yu hai na anakula kwao. Nikamwambia, mama, nimemwacha. Akasema umemwacha moja, hujamwacha tatu. Eda haijaisha. Bado ni mkeo, kumebaki neno moja tu mdomoni mwako.

Mama yangu, Mwanamkuu, aijua sheria kuliko maustadhi. Akanihesabia kama mtoto wa chuo cha Kurani – mwanamke apate hedhi atwaharike, mara tatu. Kabla ya ya tatu, nikisema nimekurejea, yamekwisha, hakuna mahari mapya wala nikaha. Ikishapita ya tatu, ni mwanamke wa watu.

Nikauliza hesabu hiyo anayo nani. Akasema anayo Nusaiba mwenyewe, na mimi nilikuwa na ulimi mrefu siku ile, mbona sikumwuliza.

Nimekula mkate na chai ya rangi. Watu husema siku tisini. Si tisini. Ni hesabu iliyo ndani ya mwili wa mtu aliye Jego. Mimi kutwa kazi yangu ni kuhesabu – viwavi, majani, uzito hadi chembe ya mwisho – na hii moja siijui.

Jumamosi, 17 Mei

Siku nzima kudungisha viwavi. Nyigu mwenyewe ni mdogo kuliko sisimizi, mweusi, ana mabawa ya kuonea mwangaza. Namtia kwenye kichupa pamoja na kiwavi mchanga. Anamzunguka, anampapasa kwa vipembe vyake, halafu anamdunga. Hata kupepesa jicho ni kazi ndefu zaidi. Kiwavi anashtuka kidogo, anarudi kula. Hajui. Baada ya siku saba, nane, watoto wa nyigu wanamtoka ubavuni, wanajifumia vijumba vyeupe kama punje za mchele. Yeye anafifia hapo hapo, taratibu.

Nimerudi nyumbani mapema. Afadhali singerudi.

Leso yake ya buluu bado iko kwenye msumari. Siitoi. Mbuzi ya kukunia nazi iko pale pale ukutani alipoiegemeza. Asubuhi alikuwa akiikalia, anakuna nazi huku anabishana na redio – mtangazaji akisema jambo, Nusaiba anamjibu, anamkosoa, wakati mwingine anamsifu. Miaka sita nimekuwa nikimwambia redio haisikii. Sasa naiwasha na hakuna wa kuijibu. Leo asubuhi nilijaribu kuijibu mimi. Mama alinisikia kutoka kule kwake, akauliza nazungumza na nani.

Akifurahi aliniita "we bwana". Akikasirika, Ubeid. Siku ile aliniita Ubeid mara moja tu, akaenda nyumbani kufunga nguo. Namtamani hata akikasirika. Namtamani zaidi akikasirika, maana alikuwa hanyamazi.

Alhamisi, 22 Mei

Nimepima. Tulichukua majani yaliyoumwa na viwavi wazima na majani yaliyoumwa na viwavi wenye nyigu, tukawapa viwavi wapya, wachanga, wote sawa. Siku tatu. Wa kwanza wamedumaa, wembamba, nusu yao wamesusa kula. Wa pili wamenenepa, wanang'aa, kana kwamba jani halijapata kuguswa.

Nilidhani nimechanganya vibandiko. Nikapima tena. Vile vile.

Nikampigia Daktari, yuko Kinango kwao. Akasema rudia tangu mwanzo mara mbili nyingine, tusijifurahishe. Halafu akashindwa kujizuia, akanieleza. Nyigu akitaga, hutia na kitu kingine ndani ya kiwavi, na hicho hubadilisha mate yake. Jani linaonja, halimtambui adui, au linamwona ni adui mdogo tu. Halijitii uchungu mwingi. Anayefaidi ni nyigu – wanawe wanakula vizuri ndani ya kiwavi anayekula vizuri.

Kiwavi ni yule yule. Meno ni yale yale. Ni mate tu.

Nilikaa nikiufikiria mdomo wangu wa tarehe kumi na nne. Daktari angesema nisichanganye mambo.

Jumanne, 3 Juni

Mselem amekuja. Nduguye Nusaiba, mdogo wake. Alikuja hospitali hapa kumletea mtu dawa, akapita bandani. Shikamoo alinipa, ya ncha ya ulimi. Hakukaa.

Niliuliza habari za nyumbani. Akasema wazee hawajambo. Nikauliza na wengine. Akasema na wengine hawajambo. Nikaokota jani nikalikunja. Basi akanihurumia, nadhani, akasema dada amepanda kunde, amenenepa kidogo, hanitaji. Ila kuna siku moja aliuliza kama wale wadudu wangu walipatikana wengine.

Nilimwomba arudie maneno hayo.

Halafu akaniambia mengine mawili. La kwanza, kuna mtu wa Lungalunga, mwenye duka la simenti, anayepita sana barazani kwa baba kusalimia. Hasemi kitu, eda haijaisha, lakini anasalimia sana. La pili, mahindi ya Jego yote yameliwa. Viwavi jeshi. Shamba la baba limebaki vijiti. Akasema, shemeji, wewe si ndiye fundi wa kuwaua? Hukutuambia kwenye posa kwamba serikali na wazungu wamekupa kazi ya kumaliza viwavi? Basi tupe dawa.

Nilimwambia dawa bado inapikwa.

Ameondoka. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na nimeona niandike ukweli humu, maana humu hasomi mtu.

Mimi siui viwavi. Sijaua hata mmoja. Nawafuga. Nawalisha, nawabadilishia majani, nawapima kama watoto wa kliniki. Na tangu siku ya kwanza sijamwambia mtu. Ningewaambiaje watu wanaoliwa mashamba kwamba mshahara wangu ni kumnenepesha huyo huyo anayewala? Wangesema ni mimi niliyewaleta. Kwa hiyo niliwaambia nawaua. Nilimwambia babake hivyo nilipokwenda kuposa. Nilimwambia mama. Nilimwambia Nusaiba kila jioni kwa miaka sita alipouliza leo umewaua wangapi. Nilikuwa namtajia idadi.

Basi akaja na chakula changu cha mchana, akakuta mumewe hayupo na mahindi ya mumewe yanaliwa mbele ya macho yake.

Nikasema kila mtu alijua. Hakujua mtu.

Jumapili, 8 Juni

Idi imepita. Mama amelegeza mgomo kwa siku moja, amenipa pilau. Nimekula. Sikuihisi.

Kila Idi Nusaiba hunipaka hina kidole kimoja cha mguu, kidogo, pasipoonekana. Nami hujifanya kukataa. Mwaka huu nimevaa viatu asubuhi nikautazama mguu wangu ulivyo mtupu.

Jirani yetu, ustadhi, amenishika mkono baada ya swala. Ati kuna nini kigumu? Ita mashahidi wawili, sema nimemrejea, atake asitake amerudi. Ni haki yangu. Nikamwambia nashukuru.

Nimemwandikia kwenye simu. Neno moja, "Nimekurejea." Nikalitazama. Nikalifuta. Nikaliandika tena. Nikalifuta.

Sitaki arudi kwa sababu sheria imemrudisha. Namjua. Atakuja, atapika, atafagia, atanyamaza. Redio itasema uongo na yeye hataijibu. Nimeshamnyamazisha mara moja kwa neno langu, sitaki kumburuta kwa jingine.

Lakini hesabu inakwenda. Naogopa. Naogopa sana.

Jumatatu, 16 Juni

Mara ya tatu. Jawabu lile lile. Daktari amekuja mwenyewe, amekaa mbele ya mizani tangu saa tatu, anacheka peke yake. Jani lililoumwa na kiwavi mzima, bovu kwa wenzake. Jani lililoumwa na kiwavi mwenye nyigu, tamu. Anasema hata akiyatazama kwa macho tu anajua.

Tukanywa chai. Akanionyesha picha kwenye simu yake, za mwezi wa nne, alizopiga kwa ajili ya ripoti ya hasara. Siku ile sikutazama kitu, nilikuwa natukana. Leo nimetazama.

Mihindi arubaini na minane. Kila moyo una majivu kiasi kile kile, kijiko kimoja, hakuna wenye zaidi. Hakuna hata chembe iliyoanguka kwenye udongo. Majivu meupe, laini – yamechekechwa. Daktari akasema mamake kule Kinango hufanya hivyo hivyo, na ni dawa nzuri sana, akaniuliza ni nani aliyefanya kazi safi namna ile, maana wasaidizi wake wa chuo kikuu hawamfikii. Nilikuwa sijamwambia. Alidhani ni majirani.

Nikamwambia ni mke wangu.

Akasema alikosea nini kwani, hukumweleza tunafanya nini hapa?

Niliokota vikombe nikaviosha. Daktari akarudi kwenye mizani yake.

Namwona sasa. Ameamka kabla ya alfajiri, amechoma makumbi ya nazi, amengoja yapoe, amechekecha. Ameficha kopo chini ya kapu la chakula ili anishangaze. Amepiga magoti kwa kila ndoo. Alipofika ya arubaini na nane mgongo ulikuwa wamuuma, naujua mgongo wake. Alikaa kivulini akaningoja nije nimsifu.

Nikaja.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemwambia mama yote. Kwamba nawafuga. Aliendelea kuchambua mchele mpaka nikadhani hakusikia. Halafu akasema, kumbe miaka sita nimewatangazia watu wa Msambweni kwamba mwanangu ni mwuaji wa viwavi. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha akaacha kucheka. Akasema kamwambie na yeye.

Ati atamtuma ami aende pamoja nami, na mzee mmoja wa mtaa, kama ilivyo desturi ya kwenda kutaka radhi. Nimekataa. Wazee wataomba radhi kwa ajili ya talaka. Uongo ni wangu mwenyewe, hawaijui hata njia yake.

Nimemwomba Daktari nyigu wa kwenda nao Jego. Kakataa katakata, ni lazima vibali, hawabebwi mfukoni kama peremende. Halafu akasema kule wapo wenyewe, tangu zamani, ni watu tu wanaowaponda. Nikienda nitazame vizuri. Kiwavi mwenye vijumba vyeupe mgongoni aachwe, asiye navyo atiwe majivu. Basi. Hiyo ndiyo dawa yangu yote iliyokuwa inapikwa.

Nitakwenda tukimaliza kukata sampuli za majani za maabara, tarehe ishirini na saba. Zikishaingia kwenye kasha la barafu niko huru.

Mama amenipikia wali na samaki wa kupaka, bila kuombwa.

Alhamisi, 26 Juni

Mselem amepiga simu. Maneno machache. Yule wa Lungalunga amekuja tena, na safari hii baba amemwekea kahawa. Dada amefua nguo zake zote jana, kama anayemaliza eda. Shemeji, kama una neno, lilete.

Kesho ndiyo siku ya sampuli. Kesho asubuhi, siku yenyewe, saa zenyewe.

Nimemwambia Daktari sitakuwepo. Nilitegemea atafoka – wiki nane za kazi. Akasema nenda, nitakata mwenyewe, na mimi nina mikono.

Ijumaa, 27 Juni. Jego

Niko barazani kwa Mzee Abdulaziz, babake Nusaiba. Naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi.

Nilifika saa tatu na nusu. Sikuja na kitu ila daftari hili na kikoi cha kumpa mzee. Njiani nilikuwa nikijitungia maneno, nilipoingia uani yote yakanitoka. Labda ni afadhali. Yule kiwavi asiyeogopwa na jani ni yule ambaye ndani hana chake tena. Mimi leo nimekuja hivyo.

Mzee aliitikia salamu, akaniashiria mkeka. Hakuniletea maji. Aliyeleta maji ni Nusaiba. Amekonda, Mselem ni mwongo. Aliweka gilasi chini, akarudi mlangoni, akasimama nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yake tu.

Nikasema. Kwa sauti, ili isikike nyuma ya pazia. Nikasema mzee, nilipokuja kuposa nilikwambia nawaua viwavi. Sikuwahi kuua. Kazi yangu ni kuwafuga na kuwalisha, ndiyo iliyomlisha na binti yako. Niliona haya kuwaambia. Binti yako alinisaidia kwa ule uongo nilioupanda mwenyewe, nami nikamwacha kwa sababu aliuamini. Yeye hana kosa hata la kijiko kimoja.

Mzee alitazama shamba lake. Kutoka barazani unaliona lote, vijiti vitupu mpaka kwenye mikorosho, kumebaki mistari mitatu iliyochelewa kupandwa. Akaniuliza polepole kama viwavi hawa walitoka kwangu. Nikasema hapana, wallahi, banda lina neti mbili, na viwavi walifika pwani hii kabla yangu. Akauliza na nani atakayeyaamini maneno ya mtu aliyejitaja mwenyewe kuwa ni mwongo.  Akainuka, akasema anakwenda kuoga, tutazungumza baada ya swala ya Ijumaa.

Nikabaki peke yangu na gilasi ya maji.

Halafu pazia likafunguka. Hakuja kwangu, alishuka akapita kwenda kwenye ile mistari mitatu. Aliinama muhindi hadi muhindi, anafunua mioyo. Amekaa huko muda mrefu. Sikumfuata. Aliporudi alikuwa ameshika jani moja, amelishika kwa ncha mbili kama kitu cha moto. Akasimama chini ya ngazi ya baraza, mbali vya kutosha. Juu ya jani alikuwepo kiwavi mmoja, mnyonge, hasogei, na mgongoni vijumba vyeupe kumi na vitatu. Nilivihesabu. Ni tabia.

Akasema, "Hawa nao ni wako?"

Nikasema si wangu, ni wa hapa hapa, ndio wazuri. Waache. Wasio na vyeupe ndio utakaowatia majivu.

Akalitazama jani. Akasema, "Miaka sita, Ubeid. Ulikuwa waniambia thelathini, leo arubaini. Nami nakusifu."

Nikasema ndiyo.

"Ningewalisha pamoja nawe. Ungeniambia."

Sijui nilisema nini hapo. Nadhani nilisema najua. Nilikuwa nataka kusema lile neno moja, lilikuwa limefika kwenye meno. Nikamwuliza badala yake. Nilimwuliza hesabu ya tatu imefika au haijafika, nikamwambia sitasema neno lolote mpaka yeye atake niliseme.

 Aliliweka lile jani ukingoni mwa baraza, kivulini, karibu na mguu wangu. Akalizungushia vikokoto vitatu lisipeperuke. Akapanda, akapita, akaingia ndani, na pazia likarudi.

Hiyo ni robo saa iliyopita. Nawalinda hawa kumi na watatu, kuku wasije wakawadonoa.

Kisimani namsikia mzee, sasa ndiyo kwanza anajimwagia maji. Adhana bado.

Na jikoni nasikia chekeche. Namjua kwa mkono wake, anaigonga mara mbili halafu anaizungusha. Sijui ni unga au ni majivu. Kama ni unga, anampikia mgeni, na aliyeko barazani ni mimi peke yangu. Kama ni majivu, ni ya ile mistari mitatu, na mgongo utamuuma, itabidi mtu amshikie kopo.

Amewasha redio. Mtangazaji anasema mvua zimekwisha pwani yote. Chekeche imenyamaza, nadhani ataka kumjibu –